Mama Aliyeniokotea Mutoto Jalalani

Assalamu alaikum, mama zangu, dada zangu, na nyinyi mabinti munaojificha nyuma ya masufuria ili musiitwe kuosha sahani. Na nyinyi wa misioni muliovuka muji muzima kuja kukaa na sisi, karibuni sana. Wanaume wamekwisha kusoma dua, wamekwisha kula, wako kule barazani wanazungumuza habari za lori na barabara mbovu. Sasa zamu ni yetu. Nimeomba niseme maneno machache, na munanijua, machache yangu yanaweza kufika magharibi. Munivumilie.

Sitataja jina la mutu. Jina la mama yetu, ambaye leo ni arobaini yake, munalijua, na hakuna aliyelitumia. Barabara hii nzima ilimuita Mama Mukubwa, ata wazee wenzake. Majina ya wengine nayaacha kwa sababu kuna walionisema vibaya zamani, na wamekaa papa hapa, wanakula wali wa arobaini. Kuleni tu. Nilisamehe, ila sikusahau.

Wengi wenu mulimukuta amekwisha kuwa muzee. Alitoka upande wa Kabambare, kwenye vilima, Mubangubangu kabisa. Chungu kikimuunguza mukono, alitukana kwa Kibangubangu mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuja Kasongo kwa miguu, bibi arusi wa fundi wa cherehani, akasilimu, akaingia katika nyumba ile pale, na tunaweza kusema hakutoka tena. Hakupanda lori ata siku moja. Sokoni alikwenda, mutoni alikwenda, kwa mugonjwa na kwenye matanga alikwenda, basi. Kuna watu wanaodhani maisha ya namna hiyo hayana habari. Alitwanga mupunga, akapepeta, akapika sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya ngazi, yale ya muchikichi, akazaa, akalea, akamuzika bwana yake, akaona watoto wanatawanyika, mumoja migodini, mumoja kwenye meli za Lualaba, binti akaolewa Lusangi. Wakati Leta, serikali ya Wazungu, ilipotulazimisha kulima pamba, ni yeye aliyewapikia wanawake waliorudi shambani wamechoka, hawawezi kupuliza ata moto. Nani hapa hakula chakula cha mukono wake? Anyooshe kidole nimuone.

Alikuwa na ulimi vilevile. Ukipita mbele ya nyumba yake bila salamu, unamusikia nyuma yako: "Wee! Hii njia unakanyaga, kuko mutu aliifagia!" Unarudi, unasalimia, unapewa ndizi, unaenda.

Sasa mimi. Niliolewa kwenye nyumba iliyopakana na ya kwake, ua mumoja tu katikati. Bwana yangu alikuwa na kazi kwenye migodi ya bati, huko porini. Anakuja, anakaa kidogo, anarudi. Mutoto wangu wa kwanza alikufa alipoanza kukaa. Wa pili alichukuliwa na surua. Wa tatu mulimuzika nyinyi, mimi sikuweza kusimama. Ndugu zangu, nawaambia, akifa wa kwanza watu wanalia pamoja nawe. Akifa wa pili wanakuonea huruma. Akifa wa tatu, wanaanza kukutazama tumbo. Nilisikia kwa masikio yangu kule kisimani, mutu anasema, "Yule, tumbo yake ni kaburi." Aliyesema yuko hapa. Nimeahidi sitamutaja.

Bwana yangu akashauriwa aoe mwingine. Akaoa, kule kule migodini. Juu ya hilo siongezi neno, kwa sababu amekaa nyuma ya ukuta huu na masikio yake bado mazima.

Basi nikaanguka. Wengine wanaanguka kwa pombe, wengine kwa ugomvi. Mimi nilikaa tu. Moto wangu ulizimika na sikuomba kaa la moto kwa jirani. Sikufagia, sikusuka nywele, sikusali. Dada mumoja alikuja kuniambia "Mungu amependa", nikamumwagia maji ya kuoshea vyombo. Nilikaa nimeelekea ukuta, na wakati ule nilikuwa na mimba ya nne. Ile mimba niliichukia. Nasema mbele yenu na mbele ya Mungu, niliichukia, kwa sababu nilijua ninabeba maiti inayochelewa.

Ni Mama Mukubwa aliyenizalisha. Akasema, "Ni mwanamuke. Mushike." Nikageuza uso. Nikamuambia, "Sitaki kumuona. Ataenda tu kama wenzake."

Hakunigombeza. Alimuosha mutoto polepole, akamufunga katika kikwembe, ndipo akasema, "Muzuri. Kama haumutaki, tumutupe."

Nyinyi muliotoka mbali musishituke. Wenyeji wanajua nasema nini. Mwanamuke akifiwa na watoto, mumoja nyuma ya mwingine, anayefuata hatunzwi kama mali. Anawekwa ndani ya ungo, anapelekwa nyuma ya nyumba, anaachwa juu ya jalala, kwenye majivu na maganda ya mihogo. Mwanamuke mwingine anajifanya anapita njia. Anamuokota, anapaza sauti: "Jamani, nimeokota mutoto! Kuko mutu amemutupa! Ni wa nani?" Na mama aliyezaa ananyamaza. Hapo kifo, kilichokuwa kinamufuata yule mama nyumba kwa nyumba, kinasikia kwamba yeye hana mutoto, kinaenda zake. Tangu siku ile mutoto ni wa aliyeokota. Anapewa jina baya, la takataka, asitamaniwe. Aliyezaa anamunyonyesha kama anavyonyonyesha wa jirani, na kinywa chake hakiruhusiwi kusema "mutoto wangu", mpaka siku mutoto atakapoweza kutembea mwenyewe kutoka kwa yule hadi kwake.

Mama Mukubwa alifanya yote hayo. Alimuweka, akazunguka nyumba, akarudi kama mupita njia, akapiga kelele zake: ni wa nani, ni wa nani? Mimi nilikuwa ndani juu ya mukeka. Kunyamaza hakukunipa taabu. Wengine wananyamaza kwa kufuata desturi, mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kusema.

Jua halijapanda sana, nikasikia hodi. "Binti, mimi niko na mutoto, iko na njaa. Matiti yangu ilikauka zamani. Unisaidie."

Nikamupa titi, nimetazama ukuta. Alipomaliza akamuchukua, akashukuru kama mutu aliyeazimwa chumvi. Akarudi tena. Akarudi tena. Kila mara hodi, kila mara "unisaidie". Halafu akaanza kuja na sahani. "Mutu ananyonyesha mutoto yangu lazima akule. Sitaki maziwa ya mutu iko na njaa." Anakaa mbele yangu mpaka wali umekwisha. Halafu akaleta kinu chake kwangu, akadai kwake kuna kuku wanamusumbua. Anatwanga sombe hapa mbele ya mulango wangu, ananiambia, "Nishikie mutoto kidogo, mikono iko michafu." Siku nyingine anasema, "Moto yangu imezimika. Washa yako, tupikie hapa." Uongo mutupu. Moto wa yule mama ulikuwa hauzimiki, munajua.

Nikawasha.

Sijui ni siku gani nilianza kumungojea. Najua tu kwamba alianza kuchelewa, na nikimusikia mutoto analia upande wa pili wa ua, maziwa yalikuwa yananitoka yenyewe, nguo inalowa. Nikawa nasogea kwenye ua. Nikawa nachungulia. Nilikuwa namupenda yule mutoto kama mwizi, nimefunga mudomo, naogopa ata kumutazama machoni kwa muda mrefu. Na nilisuka nywele. Nilianza tena kusali. Watu wakasema nimepona. Sikuwa nimepona; nilikuwa na woga mukubwa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Ndipo wakaja watu wa ugonjwa wa usingizi. Munakumbuka ile miaka. Ngoma inapigwa, kapita, musimamizi wa muji, anapita nyumba kwa nyumba, watu wote wanatoka, wanapangwa mustari pale uwanjani, Muzungu munganga ameketi, na wasaidizi wake weusi wanapapasa shingo za watu kutafuta tezi, wanachoma vidole, wanatazama damu. Nilisimama nyuma ya Mama Mukubwa. Yeye alikuwa na mutoto mugongoni. Meno mawili ya chini yalikuwa yameota, alikuwa ananichekea juu ya bega lake.

Musaidizi akapapasa ile shingo ndogo. Akapapasa tena. Akamuita Muzungu. Wakachukua damu, tukangoja juani. Halafu musaidizi akatangaza: "Huyu mutoto iko na ugonjwa. Ataenda kambini kwa sindano, yeye na mama yake. Mama ni nani?"

"Ni wangu," akasema Mama Mukubwa.

Musaidizi akamutazama kichwa cheupe kile, akacheka. "Wewe, bibi? Ulimuzaa na meno gani?" Mustari muzima ukacheka. Muzungu akauliza kitu, wakasemezana Kifaransa, yule akarudi na sura nyingine. Akasema kama mutoto hana mama wa kumunyonyesha, basi ni yatima, na yatima wanapelekwa kwa masista wa misioni, walelewe huko. Akanyoosha mikono amuchukue.

Mama zangu, mujitie mahali pangu. Nikinyamaza, naondokewa na mutoto, mimi na aliyemuokota, sote wawili. Nikisema, nimevunja kinga, kifo kimesikia, na nimemuua kwa kinywa changu mwenyewe mbele ya watu. Maziwa yalikuwa yanatiririka mpaka tumboni. Mikono ya yule mutu ilikwisha kushika kikwembe.

Nikapiga kelele. "Ni wangu! Muache! Mimi nilimuzaa, ni wangu!"

Wanawake walishika midomo. Musaidizi hakuelewa kilichotokea, aliona tu mama amepatikana, akaenda kwa mutu mwingine. Mama Mukubwa akafungua kikwembe, akaniwekea mutoto mikononi, akainamisha kichwa, akaondoka. Nilijua amekasirika. Nilijua amekwisha kumulilia.

Kambi ilikuwa kwenye njia ya Kabambare, mbali na muji, nyumba ndefu za nyasi, mulinzi mulangoni ili watu wasitoke na wageni wasiingie. Walituchoma sindano. Na mutoto, badala ya kupata nafuu, akaenda chini. Homa, macho yanazimika, titi anaacha. Mwenzangu tuliyelala naye mukeka mumoja alikuwa na mutoto wa umri ule ule. Yule mutoto akafa. Nikamuangalia yule mama anavyokaa, nikajiona mimi. Nikarudi kwenye ukuta wangu. Mutoto nilimulaza kando, siyo kifuani. Kila pumzi yake niliisikia inaniambia: wewe ulisema.

Siku moja harufu ya wali ikaingia kambini. Musicheke, ni kweli. Wali wa mafuta ya ngazi na samaki mukavu, na kule tulikuwa tunakula muhogo wa maji. Watu wakatoka nje. Nikasikia sauti mulangoni inamuambia mulinzi: "Wee, mwanangu, na wewe ulizaliwa na mutu. Kwanza kula. Tutagombana nyuma." Yule mama ambaye hakuwa anatoka nyumbani kwake alikuwa ametembea njia yote ile na kapu kichwani, akawasha moto mbele ya mulango wa kambi ya Leta. Mulinzi alikula. Mama Mukubwa akaruhusiwa kuingia.

Nilianguka miguuni kwake. Nikasema, "Mama, unisamehe. Nimevunja. Kifo kimesikia."

Aliketi chini. Alimuchukua mutoto, akamuangalia, akamuweka kwenye mapaja. Maneno aliyosema nitayasema kama alivyoyasema.

"Mwanangu, mimi vilevile nilitupa mutoto jalalani. Kule kwetu, kwa bwana wa kwanza, mbele ya kukuja Kasongo. Wawili walikufa, wa tatu nikamutupa, jirani akamuokota. Mwanaume. Akaota meno. Halafu askari wa Bula Matari, wa Wazungu wa Leta, wakakuja, wanatafuta watu ya kubeba mizigo. Wakamukamata ule jirani, mutoto iko kwa mugongo. Mukubwa yao akauliza, 'Huyu mutoto ni wa nani? Kama iko na mama hapa, amuchukue, huku njiani ni muzigo bure.' Jirani akaniangalia. Yeye alikuwa amefungwa kinywa na desturi, na mimi vilevile. Nikasema kwa moyo: nikisema ni wangu, atakufa. Nikanyamaza. Wakaenda naye. Nilimusikia analia mpaka ngʼambo ya kijito. Nyuma sikusikia tena."

Nilishindwa kuinua kichwa.

"Ile siku pale uwanjani," akasema, "mimi nilisema ni wangu juu ya desturi, nilikuwa nimefungwa vile vile. Lakini kwa moyo nilikuwa naomba: Ee Mungu, huyu binti aseme. Aseme! Na ukasema. Nilienda nyumbani nalia kwa furaha, mimi muzee. Sasa unaniomba musamaha ya nini?"

Nikamuuliza, "Na kifo, je? Kimesikia."

"Basi kimesikia mutoto iko na mama. Mushike."

Akaniwekea kifuani. Nikamushika. Nilimuita mutoto wangu, kwa sauti, mara nyingi, kila mutu kambini akisikia. Sikusema nitamupa uhai; uhai ni wa Mungu. Nilisema tu kama atakwenda, ataenda kutoka mikononi mwa mama yake, siyo kutoka chini kwenye mukeka.

Hakwenda. Siwadanganyi kwamba homa ilishuka siku ile ile. Ilichukua majira. Sindano ziliendelea, na yule munganga Muzungu namushukuru, ingawa hakujua alichotufanyia. Mama Mukubwa hakurudi nyumbani. Alijijengea kibanda nje ya mulango, akawa anapikia akina mama wa kambi, na mulinzi akawa ndiye anayemutafutia kuni. Mutoto alichelewa kutembea kwa sababu ya ugonjwa. Siku aliposimama, nilikuwa nimemushika mikono, akajivuta, akaniacha, akaenda kwa Mama Mukubwa! Desturi inasema atoke kwake aje kwangu. Mutoto akafanya kinyume. Yule muzee alicheka mpaka machozi. Akamushika mabega, akamugeuza, akamuelekeza kwangu. "Kwenda. Mama yako ni ule." Akaja.

Ndiye huyo aliyewapikia wali munaokula leo. Kama chumvi imezidi, mulaumuni yeye.

Ndugu zangu, nashukuru. Nawashukuru mulionizikia watoto nilipokuwa sijiwezi. Namushukuru dada niliyemumwagia maji, ambaye wakati niko kambini alifagia nyumba yangu kila siku na hakuniambia. Nashukuru ata kwa yule mama wa mukeka mumoja, popote alipo, aliyeniazima kikwembe chake mutoto wangu alipokuwa anatetemeka, wakati wa kwake hakukihitaji tena. Na mama yetu, sina neno la kumutosha. Tunasema alikaa nyumbani maisha yake yote. Nyumba yake ilikuwa inatutembelea.

Fundisho langu ni dogo. Desturi za wazee sizitukani. Ile ya jalala ilinipa muda wa kuamuka. Lakini muda ukifika wa kusema mutoto ni wako, mugonjwa ni wako, mutu anayechekwa na watu ni wako, usingoje. Fungua kinywa.

Na nina ombi moja, ndilo lililonisimamisha. Kule kambini aliniambia nisiseme habari ile akiwa hai. Alikuwa hajamuambia ata bwana yake. Akasema, "Nikikufa, useme." Jana nilimuambia binti yake wa Lusangi kwanza, ndani, sisi wawili, na amenipa ruhusa. Asubuhi hii, waliposoma dua, waliwataja watoto wa marehemu, walio hai na waliotangulia. Yule wa ngʼambo ya kijito hakutajwa. Hatujui kama alikufa njiani au kama ni muzee mahali fulani, ana wajukuu, hajui alizaliwa na nani. Jina lake aliniambia. Nitamunongʼoneza mwalimu aliyesoma dua, alitie kwenye dua. Nyinyi siwaombi mulitaje. Nawaombeni, tangu leo, mutu akiwauliza yule mama wa barabara yetu alizaa watoto gani, muanze na yeye.